Kupiga dari ya boksi yenye taa za kificho sebuleni, kuanzia juu kwenye bati mpaka siku ya kuwasha

Wakuu, watu kama wanne hivi wa mtaani wameshaniuliza dari ya sebuleni kwangu nilifanyaje, maana wakija wanakaa wanaangalia juu chai inapoa, sasa nimechoka kurudia rudia naandika mara moja hapa mwenye kusoma asome. Mimi siyo fundi kwa kusomea, ni mtu niliyejenga nyumba mbili, ya kwanza nikapigwa vibaya na ya pili nikasimama saiti mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka jioni na tepu mfukoni, kwa hiyo nitakayosema mengi nimeyajua kwa kuumia.

Kwanza niwape kisa cha hiyo nyumba ya kwanza ili mjue kwa nini naanza nilipoanza. Fundi alikuja na simu yake imejaa picha, nikachagua ile yenye ngazi tatu, mawimbi, ua kubwa katikati na taa za bluu, kama keki ya harusi imegeuzwa. Chumba changu kuta zake zilikuwa mita 2.7 tu. Alipomaliza, ngazi ya chini ilikuwa imeshuka mpaka mita 2.35 na pangaboi ikabidi ining'inie chini ya hapo, siku moja mjomba wangu anavua kanzu akanyoosha mikono juu, nusura tuwe na msiba. Halafu masika ya kwanza tu ikatokea doa la kahawia pembeni, likawa linakua kila mvua kama ramani ya Afrika inavyochorwa, kumbe kuna msumari wa bati ulipigwa bondeni badala ya kwenye mgongo na maji yanaingia hapo. Fundi simu haipokelewi. Na hakukuwa na tundu la kupandia darini, ikabidi tukate urembo wenyewe ndo mtu apande akaangalie.

Kwa hiyo kabla hujafungua picha yoyote kwenye simu, shika tepu upime urefu kutoka sakafu iliyomalizika (siyo zege, hesabu na tailizi) mpaka chini ya mbao za kenchi (zile mbao zinazobeba bati). Hiyo namba ndo itakwambia dari gani unaruhusiwa kuwa nayo. Kama una mita 3 au zaidi, boksi, yaani ile sehemu ya dari inayoshushwa chini kuzunguka kuta, la kushuka sentimita 15 litakaa vizuri sana. Kama una 2.7 shusha 10 tu basi, na pembeni peke yake, katikati acha juu. Chini ya 2.6 mimi ningekwambia achana na boksi kabisa, piga dari ya kawaida iliyonyooka, weka mikanda mizuri pale dari inapokutana na ukuta na hela iliyobaki nunua mapazia. Najua utakasirika ila ndo hivyo, dari ya ngazi kwenye chumba kifupi inakufanya ujisikie uko ndani ya kabati.

Hili la kuacha nyumba yenyewe iamue dari siyo geni kwetu wala. Nenda Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu uingie kwenye nyumba yoyote ya zamani ya mawe, utaona vyumba virefu lakini vyembamba, upana mita 2 na nusu hivi mpaka karibu 3, havizidi sana. Siyo kwamba walikosa kiwanja, ni kwamba dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti nzuri iliyonyooka yenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa juu yake ndo inaishia urefu huo, basi chumba kikafuata mti. Na hizo hizo boriti zilizopangwa sawa sawa ndo zikawa pambo, huhitaji kuongeza kitu. Zilikuwa zinatoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zinapakiwa kwenye majahazi mpaka Oman na Ghuba yote ambako miti ya hivyo hamna, na wafanyabiashara walikuwa na majina yake kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kilwa Kisiwani nako kuna msikiti mdogo wa kuba, dari yake wamepachika bakuli za kauri zilizokuja na meli, yaani mtu analala chali anaangalia sahani juu. Watu wanadhani urembo wa dari umekuja na jipsamu, hizi bodi nyeupe za siku hizi!

Ukishapima urefu, panda juu. Kweli, panda, au mpandishe kijana mwenye macho mazuri, saa sita mchana jua likiwa kali, mwambie azime tochi aangalie wapi mwanga unapenya kwenye bati. Kila kitobo cha mwanga ni kitobo cha maji. Kama ni msimu wa mvua subiri inyeshe, kama kiangazi chukua mpira wa maji mwagia paa nusu saa. Ziba kwanza. Angalia na mbao za kenchi kama kuna vumbi la unga unga chini yake, hiyo ni bungua, au vijia vya udongo ukutani ambavyo ni mchwa, piga dawa kabisa sasa hivi maana ukishafunga bodi hutapiga tena. Ziba nafasi kati ya ukuta na bati kwa wavu mdogo wa chuma, usizibe kwa saruji, joto la bati linahitaji pa kutokea na popo wanahitaji pa kushindwa kuingia. Popo wakikaa juu ya jipsamu harufu yake haitoki, na mkojo wao unapitiliza mpaka chini.

Sasa disaini. Nitaeleza ile niliyofanya mimi kwa sababu ndo rahisi na haichuji, yaani boksi linazunguka kuta zote nne, katikati panabaki juu, na kwenye ukingo wa boksi kuna kidaraja kinachoficha taa za stripu (ule ukanda mrefu wa vitaa vidogo) ili uone mwanga bila kuiona taa. Basi. Hakuna mawimbi hakuna nyota. Sebule yangu ni mita 5 kwa 4, boksi lina upana wa sentimita 50 kutoka ukutani, limeshuka 15. Hizo 50 zimegawanyika hivi, 35 za kwanza ndo boksi lenyewe lililofungwa, 15 zinazobaki zimetokeza hewani kama rafu, na mwisho wa rafu kuna kidomo cha kusimama sentimita 5. Stripu inalala juu ya rafu nyuma ya kidomo, mwanga unapiga dari ya katikati unarudi chini. Kati ya ncha ya kidomo na dari ya juu pakibaki sentimita 10 mkono unaingia, pakibaki 4 kama wanavyofanya wengi, stripu ikifa utabomoa.

Chora. Hata kwenye karatasi ya daftari, chora na vipimo, fundi aandike kwamba ameelewa ndo umpe advansi. Picha ya simu siyo mchoro.

Hesabu ya bodi watu wanaikosea au wanakosewa makusudi. Bodi ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, kwa hiyo moja ni mita za mraba 2.88. Kwa chumba changu dari ya katikati juu ni 4.3 kwa 3.3 ambayo ni kama 14.2, chini ya boksi na rafu ni 8, ile sehemu ya kusimama ya boksi ni 2.3 hivi, kidomo 0.7, jumla mita za mraba 25 na ushee. Gawanya kwa 2.88 unapata karibu 9, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, bodi 10. Mimi niliambiwa ninunue 16. Nikauliza za kazi gani, nikaambiwa "bosi huwa zinaisha".

Unene chukua milimita 9 kama mbao zako utaziweka karibu karibu, au 12 kama una bajeti na kenchi imara, 12 inatulia zaidi haibonyei, ila ni nzito kidogo. Zile za milimita 7 za mikoani sizipendi kwa dari, kwa partisheni ya duka sawa. Ukisafirisha usiruhusu kirikuu iziweke zikiwa zinaning'inia nusu nje, zinapinda njiani na hazirudi. Nyumbani zilaze juu ya vipande vya mbao mahali pakavu, usiziegemeze ukutani usiku kucha, asubuhi zimeota tumbo. Mkizibeba bebeni watu wawili zikiwa zimesimama kwa ubavu. Na usipige kabla madirisha hayajafungwa na lipu haijakauka, bodi ya jipsamu inakunywa unyevu wa nyumba mbichi kama sponji.

Kwa bafu na choo tafuta zile za kijani zinazovumilia unyevu, au weka pivisi (zile mbao za plastiki), hapo sina ugomvi na pivisi kabisa, haiharibiwi na maji, haiozi na unafuta kwa kitambaa. Ila jikoni juu ya jiko la gesi na pale unapokaanga usiiweke, joto linailegeza inabonyea, na ikishika moto ule moshi wake ni hatari. Jipsamu yenyewe ni jiwe, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe hilo, ikipigwa na moto lazima ianze kuyatoa hayo maji kwanza kwa hiyo inachelewesha moto kupanda kwenye mbao. Na jiwe hilo tunalo, linachimbwa Makanya kule Same na kwingine.

Fremu sasa, na hapa naomba mkae vizuri maana dari nyingi zinazopasuka zinapasukia hapa na siyo kwenye bodi.

Mbao tunazotumia wengi ni za inchi 2 kwa 2. Nunua zilizokauka na zenye dawa. Mbao mbichi ukiipiga leo, baada ya miezi mitatu imesinyaa na kujikunja na kila jointi imefunguka ufa mwembamba, utapaka rangi mpaka uchoke. Jinsi ya kujua, beba mbili za urefu sawa mkononi, iliyo nzito sana bado ina maji, na ukikata vumbi lake likishikana kidoleni kama unga wa ugali uliolowa rudisha dukani. Wenye uwezo watumie zile chaneli nyepesi za chuma, hazipindi na mchwa hana habari nazo, lakini tafuta fundi anayezijua, siyo anayejifunzia kwako.

Kupata levo, leza kama ipo sawa, kama haipo mpira wa maji hauna mpinzani. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, jaza maji toa mapovu yote, weka alama mita 1 kutoka sakafuni kwenye kona moja, halafu mtu mmoja ashike hapo mwingine azunguke kona zingine, maji yakitulia weka alama. Sasa pima kutoka kwenye hizo alama kwenda juu, USIPIME kutoka sakafuni kila kona, sakafu zetu mnazijua wenyewe. Kutoka kona hadi kona piga uzi wenye rangi. Unakuwa na mistari miwili kila ukuta, wa juu wa dari ya katikati na wa chini wa boksi. Kisha angalia chumba chako ni mraba kweli au kimepinda, pima mshazari wa kona kwa kona, ukiona umetofautiana sentimita 4 au 5 boksi lifuate mraba wake lenyewe na upungufu uupeleke kwenye upana wa boksi pembeni ya ukuta wenye pazia, hapo hakuna atakayeona. Kwangu ilitofautiana sentimita 6. Nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Anza na dari ya juu. Mbao kuu zifungwe kwenye kenchi, zile za kupokea bodi zipangwe kila sentimita 40 katikati kwa katikati kama bodi ni ya milimita 9. Fundi atakwambia 60 inatosha, na ukimkubalia baada ya mwaka ukiwasha taa jioni utaona dari ina mabonde kama godoro la gesti. Mahali popote bodi mbili zinakutana lazima pawe na mbao juu yake, bodi isiishie hewani. Boksi lifungwe ukutani kwa mbao iliyopigwa na plagi za plastiki za kuzamisha ukutani na skruu ndefu, siyo misumari ya zege inayopasua lipu, na upande wa ndani lininginizwe kwenye kenchi kwa vipande vya mbao vilivyosimama, kila sentimita 60 kimoja. Ukimaliza fremu ning'inia. Namaanisha shika kwa mkono vuta kwa uzito wako kidogo, ikilia rudia.

Pangaboi isikae kwenye bodi wala kwenye hiyo fremu ya 2 kwa 2, hata siku moja. Inatakiwa ishikwe na mbao nzito inayovuka kenchi mbili, ndoano au bolti ipitilize, na hiyo mbao iwekwe sasa kabla ya bodi. Pangaboi inatikisika maisha yake yote. Mapanga yabaki juu ya mita 2.3 kutoka sakafuni, na yawe mbali na dari kama sentimita 25 hivi ili ivute hewa, ukiibana juu inazunguka tu haipulizi. Hesabu hizo mbili ukizijumlisha ndo utaelewa kwa nini nimekazania urefu wa chumba. Ua la jipsamu katikati lifungwe kwa skruu zinazofika kwenye mbao, lile lililobandikwa kwa gundi peke yake siku moja litakusalimia.

Kabla bodi moja haijapanda mlete fundi umeme. Nyaya zote zipite kwenye mabomba, kila taa ipewe mkia wake, na swichi zigawe mapema, spoti laiti za boksi (zile taa ndogo za duara zinazozamishwa kwenye bodi) swichi yake, stripu swichi yake, pangaboi yake, maana kuna usiku unataka stripu peke yake mnaangalia mpira na kuna siku wageni wanakuja unawasha vyote. Stripu ziko aina mbili, zile za umeme wa moja kwa moja zinazouzwa kwa mita Kariakoo, rahisi lakini zinacheza cheza macho na zikiguswa ni umeme mkubwa huo, na zile za volti 12 zenye adapta. Mimi nachukua za volti 12. Rafu yangu inazunguka mita 14 na rola moja ni mita 5 kwa hiyo rola tatu, na usiziunge zote mkia kwa kichwa ukalisha umeme upande mmoja, ya mwisho itakuwa hafifu, kila rola ilishwe peke yake kutoka kwenye adapta. Kama stripu inakula wati 10 kwa mita hizo ni wati 140, usinunue adapta ya 140 ikachemka, ongeza kidogo, au nunua tatu ndogo za wati 60 kila rola na yake. Adapta zikae mahali pa kufikika. Mimi zangu ziko karibu na tundu la kupandia.

Ndiyo, tundu la kupandia. Sentimita 60 kwa 60, weka koridoni au stoo siyo sebuleni, lifungwe fremu yake na kifuniko cha bodi kinachonyanyuliwa. Fundi atasema linaharibu muonekano, muulize yeye siku ya kurudi atapitia wapi.

Bodi zinapandishwa urefu wake ukikatiza mbao za fremu, siyo ukizifuata, na jointi za ufupi zipishane kama matofali, zisikutane msalaba. Skruu ya milimita 25 kwa bodi ya 9 inatosha, iwe kila sentimita 15 mpaka 20, kichwa kizame kidogo tu chini ya usawa wa karatasi lakini karatasi isichanike, ikichanika hiyo skruu haishiki chochote piga nyingine pembeni yake. Misumari hapana. Acha upenyo wa milimita chache pembeni mwa ukuta, mikanda itafunika, nyumba inapumua na bodi ikibanwa inapasuka. Kukata ni rahisi, chora kwa kisu upande wa mbele ukifuata rula, vunja kwa nyuma, kata karatasi ya nyuma. Unaona mtu anakata jipsamu kwa msumeno wa mbao ujue bado mgeni. Matundu ya spoti laiti yatobolewe na kile kikombe cha kutobolea kwenye dril, na uyapime kwa uzi, spoti moja ikitoka kwenye mstari sentimita 2 tu jicho linaiona kila siku.

Jointi zinahitaji uvumilivu ambao mafundi wetu wengi hawana kwa sababu wana kazi nyingine Kimara kesho. Safu ya kwanza ya pati (ule uji mzito wa kuzibia na kulainisha) unaijaza kwenye jointi, unalaza tepu ya jointi juu yake, siyo ile ya kupimia, ikiwa bado mbichi unaibana kwa spachula, unaacha ikauke. Kesho yake safu ya pili pana zaidi. Kesho kutwa ya tatu, pana zaidi tena, nyembamba kama karatasi. Akifanya zote tatu siku moja zinakauka juu ndani mbichi na zinakuja kusinyaa ukishapaka rangi. Kona za nje za boksi ziwekewe zile kona za chuma au za plastiki kabla ya pati, kona bila hiyo ikiguswa na fimbo ya pazia inameguka.

Mikanda, ile ya kuzunguka kati ya dari na ukuta, inabandikwa kwa unga wa jipsamu uliokorogwa na nyuzi za katani zilizochovywa humo, katani ndo mfupa wake. Unga unakorogwa kidogo kidogo maana dakika chache tu umeshakuwa jiwe, ukimuona fundi anaongeza maji kwenye uliokwisha ganda mzuie, hauna nguvu tena huo, umwagwe. Pembe za mikanda zikatwe mshazari zikutane maua kwa maua, hapo ndo utamjua fundi. Mimi nilichagua mkanda mwembamba usio na maua kabisa kwa kuwa boksi lenyewe linatosha, mke wangu alitaka wenye zabibu, tukaelewana zabibu ziende chumbani.

Pati ikikauka msasa, vaeni barakoa. Na hapa kuna kitu hakuna aliyeniambia. Stripu iliyofichwa inapiga mwanga wake kwa ubavu kwenye dari ya katikati, na mwanga wa ubavu unaonyesha kila kituta, kila skruu, kila mahali spachula ilipogeuka. Dari ambayo mchana ni safi kama karatasi, usiku inakuwa uso wenye chunusi. Kwa hiyo ile ya katikati usipake pati kwenye jointi tu, ipake yote nzima safu nyembamba, kisha zima taa shika tochi ya simu ilaze kwenye dari kwa ubavu utembeze, kila utakapoona kivuli weka alama ya penseli, msasa, pati, rudia. Sisi tulirudia mara tatu, fundi wa rangi akasema bosi wewe una roho mbaya.

Rangi iwe nyeupe isiyong'aa. Inayong'aa inaanika makosa yote. Anza na praima, ile rangi ya kwanza inayonywewa na pati, kisha mikono miwili ya rangi, mkono wa mwisho ukielekea dirishani. Kama unataka rangi nyingine weka kwenye dari ya katikati kule juu peke yake, mfano kahawia ya mchanga au kijani iliyofifia, boksi libaki jeupe, inapendeza sana na taa ya mwanga wa njano. Stripu za kubadilika rangi nyekundu bluu zambarau, jamani, ile ni ya baa.

Kwa baraza au kibaraza cha nje usipeleke jipsamu, upepo wenye mvua utaimaliza. Hapo ndo nafasi ya kurudi kwenye boriti. Mikoko inalindwa na kuivuna kunahitaji kibali kwa hiyo usinunue ya kichochoroni, chukua miti ya mkaratusi iliyonyooka yenye dawa, unene unaofanana, menya ganda, paka vanishi ya maji maji ya rangi ya kahawa, panga kila sentimita 30 kuvuka upande mwembamba wa baraza, ncha zake zizame kwenye ukuta au zikae juu ya mbao iliyofungwa kwa bolti, siyo kuning'inizwa na waya. Katikati ya boriti na boriti unaweza kulaza mikeka ya ukindu au mianzi iliyopasuliwa. Mianzi iloweke kwanza kwenye maji ya boraksi (unga wa kuzuia wadudu) siku kadhaa ikauke kivulini, ukiruka hiyo hatua bungua atakuletea unga kwenye chai. Nimeona nyumba moja Bagamoyo wamefanya hivyo kwa mikeka ya rangi ya Pemba na taa moja tu ya kibuyu, sikutaka kuondoka.

Sasa malipo. Gawa mara nne, fremu, bodi, pati na mikanda, rangi, na ile ya mwisho usiitoe mchana. Mwambie fundi aje saa mbili usiku, washa kila kitu, pangaboi namba tano, stripu, spoti zote, halafu tandika mkeka katikati ya sebule mlale chali wote wawili na penseli yako. Kwangu tulilala dakika ishirini, tukapata vituta vitatu, spoti moja imeinama, na sauti ndogo ya tiki tiki tiki kwenye pangaboi ambayo ilikuwa ni nati moja ya juu haijakazwa. Akapanda kupitia lile tundu la koridoni akaikaza, ndo nikampa hela yake.